Mzigo wa Kazi na Nafasi ya Kuamua: Jinsi Msongo wa Kazi Unavyogusa Afya na Uridhikaji wa Mfanyakazi

Kwa muda wa miezi saba nilimtibu muuguzi mmoja shinikizo la juu la damu bila mafanikio. Alikuwa mwanamke wa miaka 46, mwenye miaka 21 kazini, asiyevuta sigara wala kunywa pombe, na uzito wake haukuwa wa kutisha. Vipimo vya figo na moyo vilikuwa vya kuridhisha. Nilimwanzishia dawa ya kwanza, nikaongeza ya pili, na katika hudhurio la nne, kipimo kiliposomeka 168/104, nikaandika ya tatu. Aliipokea karatasi ya dawa, akaitazama, kisha akaniambia kwa upole wa mtu aliyezoea kuwakumbusha madaktari mambo: "Dokta, dawa nameza. Ila hujaniuliza nazimeza saa ngapi."

Nikamwuliza. Wiki za zamu ya asubuhi alimeza saa kumi na moja alfajiri kabla ya kutoka nyumbani. Wiki za zamu ya usiku alimeza akisharejea, mara saa tatu, mara saa tano asubuhi, kutegemea makabidhiano ya zamu na foleni ya barabarani. Na zipo siku alizojitupa kitandani na sare mwilini, akaamka jioni bila kukumbuka dawa. Katika wodi yake wauguzi wawili huwahudumia usiku wagonjwa zaidi ya 40. Ratiba ya zamu ilibandikwa ukutani Jumamosi jioni kwa ajili ya wiki inayoanza Jumatatu, nayo iliweza kubadilishwa kwa simu siku hiyohiyo. Mwaka ule alikuwa ameahirishiwa likizo mara mbili. "Kazi naipenda," alisema, "ila siku hizi nikifika getini moyo unaanza kunienda mbio kabla sijaingia ndani."

Nimesimulia kisa hiki kwa idhini yake, na nimebadilisha mambo machache yanayoweza kumtambulisha. Nakisimulia kwa sababu kosa lilikuwa langu. Katika faili lake, kwenye nafasi ya kazi, nilikuwa nimeandika neno moja tu, "muuguzi", na sikurudi tena hapo. Kosa hilo lina umri mrefu kuliko hospitali zetu. Tabibu wa Italia, Bernardino Ramazzini, alichapisha mwaka 1700 kitabu kizima juu ya maradhi ya wafanyakazi, na humo akawashauri matabibu waongeze swali moja kwenye maswali waliyorithi kutoka kwa Hippocrates: mgonjwa huyu anafanya kazi gani? Zaidi ya miaka 300 baadaye tunauliza swali hilo ili kujaza fomu.

Msongo wa kazi ni kitu gani

Katika mazungumzo ya kila siku tunaliita jina la msongo kila aina ya uchovu, na hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia. Seremala aliyepiga randa kutwa nzima amechoka, lakini akila na kulala, kesho anaamka mzima. Uchovu wa namna hiyo mwili unaujua na una njia ya kuuondoa. Msongo wa kazi ni hali nyingine: kazi inamdai mtu zaidi ya muda, vifaa, ujuzi au msaada alionao, naye hana njia ya kuibadilisha hali hiyo. Sehemu ya pili ya maelezo haya ndiyo inayosahaulika mara nyingi.

Aliyeipa sehemu hiyo uzito wake ni Mmarekani Robert Karasek, katika makala aliyoichapisha mwaka 1979. Alipendekeza kwamba kazi yoyote ipimwe kwa mizani miwili. Wa kwanza ni mzigo: kasi, wingi wa majukumu, maagizo yanayogongana. Wa pili ni nafasi ya kuamua: je, mfanyakazi anaweza kupanga aanze na lipi, atumie mbinu gani, apumzike lini? Daktari wa upasuaji ana mzigo mzito, lakini ndani ya chumba cha upasuaji maamuzi mengi ni yake. Kazi ya namna hii huchosha na wakati huohuo hukuza. Mlinzi wa usiku katika jengo tulivu ana mzigo mdogo na nafasi ndogo ya kuamua. Akili yake husinyaa taratibu. Walio katika hatari kubwa ni wale wenye mzigo mzito na nafasi finyu: muuguzi wa wodi iliyofurika, dereva wa basi la masafa marefu aliyepangiwa muda wa kufika, mshonaji wa kiwandani anayehesabiwa vipande, mhudumu wa wateja kwa simu anayepimwa kwa dakika. Watafiti waliofuata mkondo huu waliongeza mizani ya tatu, yaani msaada wa wakubwa na wenzake kazini. Mzigo uleule hupungua uzito pale ambapo kuna mtu wa kumwambia, "Nishikie hapa."

Mtafiti Johannes Siegrist alilitazama jambo kwa upande mwingine mwaka 1996. Kwake yeye, madhara hutokea pale juhudi anazotoa mtu zinapozidi anachorudishiwa. Na anachorudishiwa si mshahara peke yake. Ni heshima, ni uhakika wa ajira, ni matumaini ya kupanda daraja. Muuguzi wangu alipoahirishiwa likizo mara ya pili aliarifiwa kwa karatasi iliyoachwa mezani. Alipolieleza hilo, hakulalamikia siku zilizopotea. Alilalamikia karatasi.

Presha si ugonjwa wa wakubwa

Mitaani kuna dhana kwamba presha ni ugonjwa wa mabosi, kwa kuwa wao ndio wenye mambo mengi kichwani. Utafiti mkubwa uliofanywa London miongoni mwa watumishi wa serikali ya Uingereza, unaojulikana kwa jina la Whitehall, uliigeuza dhana hiyo juu chini. Ulianza mwaka 1967 ukiwafuatilia wanaume zaidi ya 17,000. Ilibainika kwamba watumishi wa ngazi ya chini kabisa, kama vile matarishi, walikufa kwa ugonjwa wa moyo kwa kiwango kinachozidi mara tatu kile cha maofisa wa ngazi ya juu. Hawa hawakuwa watu wasio na ajira wala wasio na hospitali: walikuwa na kazi za kudumu, katika jiji moja, chini ya mfumo mmoja wa matibabu ya umma. Sigara, shinikizo la damu na mafuta katika damu vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Utafiti wa pili, Whitehall II, ulioanza mwaka 1985 kwa wanaume na wanawake 10,308, chini ya Michael Marmot na wenzake, ulionyesha kwamba kukosa nafasi ya kuamua kazini kulikuwa miongoni mwa mambo yanayoeleza pengo lililobaki.

Yafaa tuwe waangalifu na ukubwa wa jambo lenyewe. Mwaka 2012, Mika Kivimäki na wenzake waliunganisha takwimu za tafiti 13 za Ulaya zenye washiriki karibu 200,000, wakakuta kwamba walio na mzigo mzito na nafasi finyu ya kuamua walikuwa na hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo iliyozidi ya wenzao kwa takriban asilimia 23. Ni ongezeko la kweli, ila ni dogo likilinganishwa na madhara ya sigara. Nalitaja ili msomaji asije akaacha dawa zake akiamini kwamba mkuu wake wa kazi ndiye chanzo cha kila kitu. Msongo huongezwa juu ya chumvi, unene, urithi na umri, hauvifuti.

Kinachotendeka mwilini

Mgonjwa akizimia ghafla wodini, ubongo wa muuguzi hutuma amri kwa mishipa ya fahamu na kwa tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Ndani ya sekunde chache adrenalini humiminika katika damu: moyo hupiga kwa kasi, mishipa ya ngozi na tumbo hubana, damu huelekezwa kwenye misuli, mboni za macho hutanuka. Dakika kadhaa baadaye hufuata homoni ya pili, kotisoli, ambayo huliagiza ini litoe sukari ili mwili uwe na nishati ya kutosha. Mfumo huu ni mzuri. Bila huo muuguzi asingeweza kukimbia na mtungi wa oksijeni.

Tatizo ni kengele isiyozimwa. Mwili hautofautishi sana kati ya mgonjwa aliyezimia na simu inayoweza kulia wakati wowote kukuambia kwamba zamu yako imebadilishwa. Tishio likidumu, kotisoli haishuki inavyopasa, sukari hubaki juu, mafuta hukusanyika tumboni, na mishipa ya damu, iliyobanwa tena na tena, hukakamaa. Usingizi hukatika. Mtu aliyekosa usingizi huhisi njaa zaidi na huchagua vyakula vyenye sukari na mafuta. Ndiyo maana soda na chipsi za saa nane usiku si suala la ulafi tu. Shingo na mgongo huuma, tumbo huunguza, kichwa hugonga. Mgonjwa wa namna hii huzunguka idara moja baada ya nyingine akibeba majibu mazuri ya vipimo, na mwishowe huambiwa hana ugonjwa.

Kazi ya usiku inastahili maneno yake yenyewe. Ndani ya ubongo mna saa inayofuata mwanga na giza. Kwa mtu anayelala usiku, kotisoli hupanda alfajiri na kufika chini kabisa karibu na usiku wa manane, na shinikizo la damu hushuka kwa kati ya asilimia 10 na 20 wakati wa usingizi. Huo ndio muda ambao mishipa ya damu hupumzika. Anayekesha huukosa, na usingizi wa mchana haulipi deni lote: huwa mfupi, mwepesi, wenye jua dirishani na redio ya jirani. Kwa wanawake wengi usingizi huo hukatwa pia na shughuli za nyumbani, kwa sababu mama akiwepo nyumbani mchana huhesabiwa kuwa yupo. Muuguzi wangu alilala kwa wastani wa saa nne. Asubuhi moja, akiwa usiku wa tano mfululizo, mwenzake alimshika mkono akiwa amekwisha kuvuta katika bomba la sindano kipimo cha insulini cha mgonjwa wa kitanda cha jirani. Hakuna aliyedhurika. Hakuliandika popote, na aliponisimulia alifunga macho.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kazi ya zamu za usiku mwaka 2007, na tena mwaka 2019, katika kundi la mambo ambayo huenda yanasababisha saratani kwa binadamu. Ushahidi haujakamilika, lakini hautoshi kupuuzwa. Kuhusu wingi wa saa za kazi ushahidi ni imara zaidi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba mwaka 2016 watu 745,000 walikufa kwa kiharusi na ugonjwa wa mishipa ya moyo uliohusishwa na kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki. Wakilinganishwa na wafanyao kazi saa 35 hadi 40, hatari yao ya kupata kiharusi ilizidi kwa asilimia 35 na ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa asilimia 17.

Na hapa tuseme ukweli ambao sisi watumishi wa afya hatupendi kuusema mbele ya wakubwa wetu. Sehemu ya saa hizo 55 huwa tumejipangia wenyewe. Mtu hutoka zamu ya usiku katika hospitali moja akaingia zamu ya mchana katika zahanati nyingine, kwa sababu ada za shule hazisubiri. Siwalaumu, nami nilifanya hivyo kwa miaka minne. Lakini ini na mishipa ya damu haviulizi ni mwajiri yupi aliyetia saini.

Kuipenda kazi na kuugua kwayo

Uridhikaji kazini mara nyingi hutazamwa kama anasa, jambo la kufikiriwa baada ya mengine yote kukamilika. Wengine huamini kwamba ni kinyume cha msongo: aliyeridhika hana msongo, mwenye msongo hajaridhika. Kliniki hainionyeshi hivyo. Nimewaona walioipenda kazi yao hadi ikawalaza, na wengine waliokaa vizuri kiafya katika kazi wasizozijali hata kidogo.

Mwanasaikolojia wa Marekani Frederick Herzberg, katika kitabu alichokichapisha na wenzake mwaka 1959 baada ya kuwahoji wahandisi na wahasibu wapatao 200, alidai kwamba yanayotuudhi kazini na yanayoturidhisha si pande mbili za kitu kimoja. Mshahara mdogo, usimamizi mbaya na mazingira duni huudhi, lakini yakirekebishwa hayaleti furaha. Huondoa tu kero. Kinachoridhisha hutoka ndani ya kazi yenyewe: kuona jambo limefanikiwa, kutambuliwa, kukabidhiwa dhamana, kujifunza. Mbinu yake imekosolewa, na kwa haki, kwa kuwa watu hupenda kujisifu wenyewe kwa mema na kuwalaumu wengine kwa mabaya. Hata hivyo naona amegusa jambo ambalo viongozi wa idara zetu wangelitumia. Posho ya usiku ikilipwa kwa wakati, manung'uniko hupungua. Haimrudishii muuguzi hisia ya kwamba amemhudumia mgonjwa ipasavyo, ikiwa usiku kucha amewagawia wagonjwa 40 dakika zisizotosha hata kumi.

Hisia hiyo inapokatika kwa muda mrefu hutokea hali ambayo mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliieleza mwaka 1974 na ambayo Christina Maslach aliichunguza kwa undani miaka iliyofuata: uchovu uliokithiri wa kazi. Ina nyuso tatu. Mtu huhisi ameishiwa nguvu kabisa, hata baada ya mapumziko. Hujitenga kimoyo na watu anaowahudumia, akawaona kama vitu. Na huona kwamba kazi yake haina tija tena. Toleo la 11 la Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, limeitaja hali hii kuwa ni jambo litokanalo na kazi, matokeo ya msongo sugu wa kazini usiodhibitiwa, wala halikuiweka miongoni mwa magonjwa. Tofauti hiyo ina maana kubwa: ugonjwa tungemtafutia mgonjwa dawa, jambo la kazini linatutaka tuitazame kazi.

Uso wa pili ndio ulio mgumu kuuona kutoka nje. Muuguzi wangu aliutambua mwenyewe. Kulikuwa na mzee mmoja aliyemwogesha kwa wiki tatu. Alipofariki, akakaa chini kujaza fomu, na hakujua jina lake. Siku zote hizo alikuwa akimwita "kitanda 14". Ndipo, alisema, alipoogopa. Presha ilikuwa haijamtisha bado.

Kilichobadilika

Katika hudhurio lile la nne niliifuta dawa ya tatu. Tulitafuta kwanza saa moja ambayo yeye huwa macho katika kila zamu, tukaipata: saa kumi na moja jioni. Wagonjwa wengi huamini kwamba dawa za presha lazima zimezwe asubuhi. Utafiti wa Uingereza uitwao TIME, uliotangazwa mwaka 2022 ukiwa na washiriki 21,104, haukuona tofauti ya mshtuko wa moyo, kiharusi wala vifo vya magonjwa ya moyo na mishipa kati ya waliomeza asubuhi na waliomeza jioni. Kwa mtu wa zamu hiyo ni habari njema: achague saa anayoweza kuishika, baada ya kuzungumza na daktari wake, aweke na mlio wa simu.

Badiliko la pili halikutoka kwangu. Wodi ilipata muuguzi mfawidhi mpya. Yeye hakuwa na uwezo wa kuongeza watumishi, na hakuongezewa hata mmoja. Alichofanya ni kuweka ratiba tupu mezani, penseli juu yake, kila mwisho wa mwezi, ili kila muuguzi aandike siku asizoweza kabisa na zamu anazozipendelea. Naye alijiwekea masharti machache: zamu zifuate mwendo wa saa, yaani asubuhi, kisha jioni, kisha usiku, kwa kuwa mwili huchelewesha usingizi kwa urahisi kuliko kuuwahisha, usiku usizidi mitatu mfululizo, baada yake siku mbili za mapumziko. Ratiba ilitoka wiki nne kabla. Waliotaka kubadilishana walibadilishana wenyewe na kumjulisha, bila kwenda kuomba. Katikati ya usiku kila mmoja alipata kujinyoosha kwa dakika 20 hadi 30 huku mwenzake akibaki macho, jambo ambalo wodi nyingi hulifanya kwa kujificha na ambalo ni salama zaidi likipangwa hadharani.

Miezi mitano baadaye kipimo kilisomeka 138/88 kwa dawa mbili. Siwezi kusema ni kiasi gani kilitokana na saa ya dawa na kiasi gani kilitokana na penseli ile. Mgonjwa mmoja hathibitishi kitu, na mambo mawili yalibadilika kwa pamoja. Ila idadi ya wagonjwa wodini haikupungua, wala mshahara haukupanda, naye akaacha kuusikia moyo wake getini. Mzigo ulibaki uleule. Kilichoongezeka ni nafasi ya kuamua.

Msemo wetu wasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na viongozi wengi hutazama ratiba za wengine kwa jicho hilo. Kwao nina pendekezo moja kabla ya semina za kukabiliana na msongo, ambazo mara nyingi humfundisha mfanyakazi kupumua vizuri ndani ya mpangilio mbovu. Tazameni ni maamuzi gani ambayo mfanyakazi wa chini angeweza kuyafanya mwenyewe bila hasara kwa yeyote: mpangilio wa zamu, mfuatano wa kazi, muda wa chai. Mengi yanashikiliwa juu kwa mazoea tu.

Sheria nayo imekwisha kuweka sakafu ambayo wengi hawaijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayohusu Tanzania Bara, inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku. Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano, hazipaswi kuzidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Mfanyakazi anastahili mapumziko ya dakika 60 ndani ya siku ya kazi inayozidi saa tano, saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa 24 kila wiki. Kazi ya usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, ina nyongeza ya angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Likizo ya mwaka ni siku 28. Watumishi wa umma wana pia kanuni zao, na zipo huduma za dharura zenye mazingira ya pekee. Hata hivyo ni vyema mtu ajue sakafu iko wapi kabla ya kukubali kwamba amesimama juu yake.

Kwa msomaji anayejitambua katika maelezo haya: pima shinikizo la damu na sukari hata kama huumwi, na umweleze daktari ratiba yako ya zamu bila kusubiri aulize. Zamu ya usiku ikielekea mwisho, achana na kahawa na chai ya rangi, ili usingizi wa asubuhi usikimbie. Funga pazia zito. Ukisinzia kwenye usukani unaporejea, teremka. Gari la abiria lina dereva aliyelala. Maumivu ya kifua, uso kupinda upande mmoja, mkono kukosa nguvu au ulimi kuwa mzito ni mambo ya kwenda hospitali saa hiyohiyo, si ya kusubiri zamu iishe. Na ukijikuta huoni sababu ya kuamka, au mawazo ya kujidhuru yanakujia, mwambie mtu leo, kisha mfuate mhudumu wa afya ya akili. Madaktari na wauguzi ni wagumu kuliko wote katika hili, kwa kuwa tunadhani kujua jina la hali kunatosha kuwa tiba.

Kwa madaktari wenzangu, maswali ninayouliza sasa hayachukui dakika tatu. Wiki iliyopita ulifanya kazi saa ngapi, kote unakofanya? Usiku mingapi? Ulilala saa ngapi baada ya usiku wa mwisho? Kazini kuna jambo gani unaloliamua wewe? Nani hukusaidia mambo yanapozidi? Na dawa unazimeza saa ngapi? Swali la nne ndilo huwanyamazisha watu kwa muda mrefu zaidi. Wengine hucheka.

Muuguzi wangu bado yuko katika wodi ileile. Alipewa nafasi ya kuhamia kliniki ya mchana isiyo na zamu, akaifikiria kwa wiki mbili, akaikataa. Katika faili lake, juu ya kila hudhurio, sasa kuna mstari mmoja kabla ya kipimo cha presha: zamu ya wiki hii. Mara ya mwisho alinisahihisha tena. Nilikuwa nimeandika "usiku", naye akaomba niongeze, "kwa kuchagua".